Kuchora Watoto Walio Safarini

Vijana wa ofisi wameniagiza niandike kabla sijasahau, na Mkawasi, ambaye sasa anakaa kwenye meza niliyokuwa nikiitumia mimi, amesisitiza nisiandike kama hotuba. Nimejaribu. Waliponiaga pale Voi nilipostaafu walileta keki yenye jina langu lililoandikwa vibaya, nami niliyekula mkate wangu kwa kuandika majina ya watu kwenye milango nikala kipande changu bila kulalamika. Hapa sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Wanaoanza kazi hii wanahitaji kujua jinsi mchoro mmoja unavyoweza kumfikisha mtoto mahali pema au kumpeleka pabaya, na ni akina nani walionifundisha tofauti hiyo.

Naitwa Mwadime, lakini kuanzia Voi hadi Taveta watu wananijua kama Fundi. Nilizaliwa Mghange, juu milimani, ambako baba alilima kabichi na viazi kwenye matuta. Niliteremka Voi nikiwa kijana, nikaanza kuandika mabango ya maduka. Nilichora ng'ombe wa buchari, vichwa vya vinyozi na chupa za soda. Mara moja nilichora simba wa hoteli akatoka na uso wa mwenye hoteli. Mwenyewe alifurahi, kwa hiyo nikanyamaza.

Siku Bi Zuhura aliponipata nilikuwa juu ya ngazi karibu na stesheni, namalizia kichwa cha kinyozi. Alikuwa mama wa makamo, wa familia moja ya Waislamu waliotoka pwani zamani wakafungua maduka ya nguo mjini. Alikuwa amefundisha shule miaka mingi, kisha yeye na wenzake wakaanzisha shirika dogo la kusaidia watoto wanaohama bila wazazi wao. Hayo niliyajua baadaye. Siku hiyo nilimwona tu mama aliyevaa buibui, ameshika mwavuli, ananitazama bila haraka. Alinisalimia, akauliza kama naweza kumchora mtoto anayesafiri peke yake, asionekane ana huzuni. Nikamjibu kwamba mtoto ni rahisi, nimechora wengi kwenye kuta za shule.

"Mtoto najua ni rahisi," akasema. "Nimekuuliza asionekane ana huzuni. Na asionekane ana furaha vilevile."

Nilishuka ngazi. Mabango yote niliyowahi kuchora yalikuwa ya watu wanaocheka: aliyenyolewa anacheka, aliyekunywa soda anacheka, hata ng'ombe wa buchari alikuwa na tabasamu, jambo ambalo nikilifikiria sasa si la haki. Mtoto asiyecheka wala kulia sikujua anakaaje usoni. Nilimwambia ukweli kwamba sijui, naye akasema basi nije kazini Jumatatu.

Nilifika na sanduku langu la rangi na brashi zote. Bi Zuhura aliliweka juu ya kabati, akanipa kigoda katika chumba cha mbele ambako watoto walikuwa wakisubiri. Wiki hiyo nzima kazi yangu ilikuwa kukaa na kusikiliza. Walikuwapo dada wawili waliokuwa wakienda kwa shangazi yao Mombasa, wakashuka Voi kwa sababu mkubwa alianza kuwa na shaka kama shangazi mwenyewe yupo. Alikuwapo mvulana aliyekuwa akichunga ng'ombe wa watu. Hakutaka kurudi kwao wala kurudi kwa ng'ombe, alitaka kujifunza kutengeneza pikipiki. Hakuna aliyefanana na mwenzake, na hakuna aliyelia. Walicheka sana, hasa waliponitazama nimekunja magoti kwenye kigoda kama panzi.

Mwisho wa wiki Bi Zuhura alitandaza mezani mabango tuliyoletewa kutoka sehemu mbalimbali. Karibu yote yalikuwa meusi. Mtoto amefungwa mnyororo, mtoto amezibwa mdomo, kivuli cha mtu mzima nyuma yake. Akaniuliza, kama ningekuwa mwendesha bodaboda na bango lile limebandikwa stejini ninapongojea abiria, ningefanya nini. Nikasema ningeogopa.

"Halafu?"

Nikafikiri. "Halafu ningeondoka."

"Basi hilo ndilo lililofanya bango," akasema. "Limekuondoa, na mtoto bado amesimama pale pale."

Alinieleza kazi yetu kwa namna ambayo sijaisikia ikielezwa vizuri zaidi na mtu mwingine yeyote. Mtoto mmoja anakwenda kwa ndugu ili asome. Mwingine anakwenda kufanya kazi za nyumbani, na wazazi wanajua. Wa tatu amedanganywa. Wa nne anakimbia kipigo. Ukiwaona barabarani wote wanafanana: mtoto, mfuko, vumbi. Wengi huanza safari wakiwa wa namna moja wakajikuta wa namna nyingine kabla hawajafika. Kwa hiyo hakutaka tuwaite watoto waliopotea, maana wengine wanajua njia kuliko sisi, wala watoto wa mitaani, maana mtaa haujawahi kumzaa mtu. Aliwaita watoto walio safarini. Alisema ukishamwita mtoto jina, umeshaamua utakachomfanyia.

Vifaa vyetu vya mwanzo mngevicheka. Nilikuwa na kalamu za wino zilizoziba kila vumbi la Voi lilipovuma, yaani kila siku, na karatasi nyembamba ya kupitishia mwanga. Meza ya kunakilia niliiunda mwenyewe kwa kioo cha dirisha na balbu chini yake. Ikipata moto sana paka wa ofisi alilala juu yake, na mara kadhaa mchoro ulikauka ukiwa na manyoya. Lakini kifaa kikubwa Bi Zuhura alichonipa kilikuwa tabia. Kila mchoro ulipokauka tuliupeleka kwa watu ambao hawajauona, tukawauliza swali moja: hapa unaona nini? Kisha tunanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mchoraji anataka kueleza. Ukieleza, umeshapoteza safari yako bure.

Mtihani wangu wa kwanza ulikuwa Kasigau. Barabara ya kule ilikuwa mbaya kiasi kwamba tulifika tukiwa na rangi ya barabara yenyewe. Ndovu walikuwa wameingia mashambani wakala mahindi yakiwa karibu kuvunwa, na katika nyumba kadhaa kulikuwa na mazungumzo ya kumpeleka mtoto fulani Mombasa akae kwa watu, apunguze mdomo mmoja nyumbani. Bi Zuhura hakuwahubiria. Aliketi na kina mama nje ya zahanati, akasema tumeleta picha tunataka watusaidie kuisoma.

Nilikuwa nimechora mtoto, nikachora mishale minene kutoka kijijini kwenda mjini, kama nilivyoona kwenye ramani za maofisini. Nilijivunia ile mishale. Nyanya mmoja aliishika karatasi, akaitazama kwa makini, akauliza mtoto huyu amekosa nini hata akapigwa mishale yote hii. Kina mama wakaangua kicheko, nami nikatamani ndovu warudi. Bi Zuhura peke yake hakucheka. Alimshukuru, akamuuliza kama mtoto angepita hapa asubuhi yeye angejuaje. Yule nyanya akaonyesha mchanga mbele yake na kusema angeona nyayo.

Tangu siku hiyo sikuchora tena mshale. Nilichora nyayo, na kila mtu alizisoma, aliyesoma shule na asiyesoma. Tulijifunza mengine kwa njia hiyo hiyo. Mkono ulioshika simu, ukiuchora peke yake, watu wanaona mkono uliokatwa. Mtu aliyechorwa mdogo kwa kuwa yuko mbali, watu wanaona kibete. Kwa hiyo nilichora watu wazima kamili, wanaosimama karibu karibu, na mazungumzo yakaanza kuhusu mtoto badala ya kuhusu mimi. Mama mmoja wa Kasigau alifuata zile nyayo kwa kidole, akafika mahali mtoto anapopanda gari, akasimama. Akauliza nani atampokea huko. Hakuna aliyekuwa amemwambia aulize. Baadaye tulisikia kwamba binti yake hakuondoka msimu ule, alibaki akasoma.

Sasa nifike Taveta, ambako kazi yangu hasa ilianza.

Tuliitwa kituo kimoja cha polisi cha upande huo kwa ajili ya msichana aliyeletwa na mwendesha bodaboda. Aliitwa Tumaini. Hilo si jina lake, ndilo alilochagua mwenyewe baadaye tulipoomba ruhusa ya kusimulia habari zake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, mwembamba, amesuka nywele vizuri, na alimsalimu kila mtu kwa shikamoo, kama wanavyofanya watoto wa upande wa pili wa mpaka. Mwendesha bodaboda alikuwa kijana Mkamba, Kilonzo, na alikuwa bado amesimama pale ingawa hakuna aliyemwambia asubiri. Alisema msichana alimjia pale soko la ndizi akamuuliza njia ya kwenda penye mkonge. Aliona si vyema kumbeba mtoto asiyejua anakokwenda, na si vyema kumwacha pia, kwa hiyo akamleta kituoni.

Zamu ilikuwa ya Sajini Wafula. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mchovu, mwenye sauti ya upole. Alimweleza Bi Zuhura kwamba mambo ni rahisi: mtoto ni wa upande wa pili, anaongea kama wao, atapelekwa Holili, ng'ambo ya mpaka, akabidhiwe polisi wa huko. Na zaidi ya hapo, mtoto mwenyewe amesema anataka kwenda kwa bibi, na kuna mwanamke ameshakuja kudai kwamba msichana ni wake wa kazi. Basi bila shaka bibi ndiye huyo. Ama mpaka, ama bibi.

Mwanamke huyo alikuwa amekaa kwenye benchi, amevimba kwa hasira. Alikuwa mfanyabiashara wa ndizi, na maneno yake hayakuwa ya uongo yote. Alisema alimchukua mtoto kwa jamaa zake ng'ambo amsaidie kulea mwanawe mdogo, amemlisha, amemvisha, amemlea, na leo amemwachia mtoto mchanga sokoni akaenda zake. Tumaini aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, akasema kwa sauti ndogo kwamba yule mchanga alimkabidhi huyu mama mkononi kabla hajaondoka. Mwanamke hakukanusha.

Bi Zuhura alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamuuliza bila ukali, "Anasoma darasa la ngapi?"

Wakati wa kumchukua, yule mama alikuwa ameahidi shule. Akatazama mlango.

Bi Zuhura alimpigia simu afisa wa watoto wa serikali, akaomba tupewe nafasi mpaka alasiri tuzungumze na mtoto vizuri. Sajini hakupinga. Alitusogezea meza na kuwaambia wenzake wapunguze redio. Bi Zuhura akanigeukia akasema, "Fundi, mchoree. Na yeye ndiye atakuambia uchore nini."

Nilitandaza karatasi, nikachora Tumaini katikati, mdogo, nikamuuliza nyayo zitoke wapi. Akasema nichore milima miwili na nyumba ya bati, hapo alikaa na baba yake na mama wa kambo, ng'ambo. Kabla ya hapo? Kabla ya hapo kulikuwa na mama yake, aliyehamia naye ng'ambo na sasa amefariki. Na kabla ya mama kuhamia ng'ambo? Hapo akaniomba penseli.

Alichora mistari mirefu ya vitu vyenye ncha kali, vimepangwa kama askari kwenye gwaride. Alichora reli, akachora na mbuzi juu ya reli, wanakula nyasi. Kilonzo, aliyekuwa akichungulia kutoka mlangoni, alisema reli yenye mbuzi ni ya huku kwetu, ile ya zamani isiyopitiwa na treni. Na vile vyenye ncha ni mkonge. Pembeni ya mkonge Tumaini akachora mtu mmoja, mwenye kitambaa kichwani, akasema huyo ndiye bibi.

Nilikuwa nimeshaelewa kwamba anamaanisha nyanya yake. Ng'ambo ndivyo wanavyosema. Kwa wengi wetu wa huku bibi ni mke wa mtu, mama mwenye nyumba, na hapo ndipo Sajini alipoteleza, kama ambavyo ningeteleza mimi. Lakini nyanya wa shamba lipi la mkonge? Mashamba yako kadhaa, na mtoto hakujua jina la mahali. Bi Zuhura alimuuliza, alipokuwa mdogo, kabla hajavuka mpaka, alikuwa akimwitaje huyu bibi.

Tumaini alijikunja. Alisema walimcheka, watoto wa ng'ambo walimcheka kwa hilo neno, akaliacha. Bi Zuhura akasema hapa hakuna wa kumcheka.

"Kukhu," akasema.

Mimi sikulijua neno hilo. Bi Zuhura naye hakulijua. Lakini kalamu ya Sajini Wafula ilisimama. Alikuja mpaka kwenye meza yetu, akainama akamtazama yule mwanamke wa kwenye karatasi, akarudia neno lile taratibu. Akasema hiyo ni lugha ya kwao, ya magharibi, hivyo ndivyo na yeye anavyomwita mama wa mama yake. Akavuta kiti akaketi. Akaanza kuzungumza na Tumaini kwa lugha hiyo. Msichana hakuweza kujibu ila maneno machache ya kitoto, lakini alikuwa akimtazama usoni, na bega lake moja lilishuka kidogo, kisha la pili.

Wafula ndiye aliyempata yule nyanya. Anawajua watu wa kwao waliokuja zamani kukata mkonge, wanasali pamoja. Alipiga simu kwa mzee mmoja wa kanisa, na huyo akampa mwingine, mpaka ikapatikana nyumba ya mama mmoja mstaafu wa shamba la mkonge, upande wa Mwatate, ambaye binti yake aliolewa ng'ambo akafia huko, na mjukuu wake hajaonekana tena. Afisa wa watoto alipomaliza kuuliza maswali yake yote, na yalikuwa mengi kama inavyotakiwa, alitoa ruhusa tumpeleke. Sajini alikuwa ameshamaliza zamu. Alikuja nasi akiwa na nguo za nyumbani.

Nyanya yule alikuwa akianika mahindi. Alisimama, akajipangusa mikono kwenye leso, akamtazama Tumaini kuanzia chini hadi juu. Tumaini alisema neno lile moja tu. Mama yule hakulia mbele yetu. Alimshika mjukuu wake kifundo cha mkono, kama mtu anayepima mapigo, akauliza kama amekula, akaingia naye ndani, na sisi wenye vyeo na magari tukabaki uani na mahindi. Wafula alianza kuyageuza ili yakauke upande wa pili.

Nimewaeleza haya kwa urefu kwa sababu mchoro wetu unaojulikana ulitoka pale mezani. Kwenye gari, tukirudi Voi, Bi Zuhura alisema kwamba sote tulimuuliza mtoto kwenu ni wapi, na jibu lake halikuwa mahali. Tulipaswa kumuuliza kwenu ni kwa nani. Nilichora siku nyingi baada ya hapo. Njia haikunyooka tena kutoka kijiji hadi mji. Ilizunguka, ikavuka mpaka, ikarudi, ikavuka tena, na kwenye kila kona alisimama mtu mzima kamili: mwendesha bodaboda anayeuliza, mama wa soko anayempa chai, askari aliyeketi chini akawa kimo kimoja na mtoto. Juu yake tuliandika kwa herufi kubwa, "Kwenu ni kwa nani?" na chini nambari ya kupiga simu.

Kabla ya kuchapisha tulimpelekea Tumaini. Bi Zuhura alikuwa na msimamo kwamba hakuna mtoto atakayeonwa ukutani bila kukubali akiwa ameshiba na ametulia, na sura yake na jina lake tuliyabadilisha. Tumaini aliutazama mchoro kwa heshima, kisha akauliza kwa nini nyayo hazina viatu. Nikasema nyayo ndivyo zilivyo.

"Mimi nilikuwa na ndara," akasema. "Nilizinunua na mama."

Nilibadilisha nyayo zote. Kila mchoro wa mtoto aliye safarini uliotoka mkononi mwangu tangu hapo una alama za soli, isipokuwa mtoto mwenyewe akisema vingine. Nilifanya kazi na wachoraji wengi wazuri, na ni maoni machache yaliyoboresha kazi yangu kiasi hicho.

Watu waliotusaidia kuchapisha waliomba chozi moja tu kwenye shavu la mtoto, ili bango liguse moyo. Bi Zuhura alikataa kwa adabu, akawaalika waje Taveta wakae kwenye kibanda cha chai mkabala na bango la majaribio. Mmoja wao alikuja, mama mwerevu, akakaa asubuhi nzima akiwatazama waendesha bodaboda wakibishana mbele ya ule mchoro kuhusu yupi kati yao anafanana na yule wa kwenye kona. Hakuzungumzia chozi tena, na nakala zilizochapishwa zilikuwa nyingi kuliko tulizoomba.

Bango lilikwenda stejini, kwenye vinu vya kusagia, zahanati na ofisi za machifu. Halikumaliza matatizo. Wapo watoto tuliochelewa kuwafikia, na siwezi kuwaficheni hilo. Lakini simu zilianza kuja, na aliyepiga mara nyingi alianza kwa kusema amemuuliza mtoto lile swali. Kilonzo aliwakusanya wenzake wa stejini, wakakubaliana kwamba mtoto wa peke yake habebwi mpaka aulizwe, na akiulizwa haachwi. Sajini Wafula alipohamishiwa mbali alikuja ofisini kwetu kuomba nakala ya kwenda nayo, ameikunja ndani ya koti kama mtu anayebeba kitu cha kuvunjika. Tumaini alimaliza shule. Leo anashona nguo za wanafunzi, ana wateja wake na ulimi mkali wa kuwapangia foleni.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya kompyuta. Niliichelewesha kadiri nilivyoweza, nikisema vumbi litaiua, lakini ilivumilia vumbi kuliko mimi. Mkawasi aliajiriwa akiwa ametoka tu chuoni, na tableti yake chini ya kwapa. Nilijiandaa kumfundisha. Siku ya kwanza alinionyesha kazi yake akasema, "Fundi, nimefanya nyayo zitembee. Cheki." Na kweli zilitembea. Zilipofika mpakani zilisita, zikageuka, zikaendelea, na mtu akaweza kuituma picha hiyo kwa simu mpaka kwa mama aliyeko ng'ambo. Nilimwambia aipeleke kwa watu, aulize wanaona nini, halafu anyamaze. Akacheka akasema ameshaenda Kasigau nayo wiki iliyopita. Nilijua basi kwamba naweza kustaafu bila hofu.

Kwenye sherehe ya kuniaga Bi Zuhura alikuja. Alistaafu kabla yangu zamani, na sasa macho yake yamekwisha kwa ugonjwa, haoni ila mwanga na giza. Aliongozwa na mpwa wake mpaka kiti cha mbele. Watu walihutubia, na walipomaliza alimwita Mkawasi, akasema amesikia kuna mchoro mpya na hawezi kuuona, kwa hiyo aelezwe. Mkawasi alianza kwa maneno ya kazini, rangi gani, mpangilio gani, sekunde ngapi. Bi Zuhura akamgusa mkono.

"Sivyo, mwanangu. Nieleze kama vile mimi ni mama yake."

Mkawasi alipiga magoti kando ya kiti na kuanza upya. Alimwambia kwamba yuko msichana, ametoka nyumbani asubuhi, na mfuko wake si mzito. Ametazama nyuma mara moja. Njiani amechoka, na mtu mmoja amempisha kivulini. Akaeleza anapita wapi, anamsikiliza nani, anamkataa nani, na jinsi anavyouliza njia bila kuona haya. Hakuharakisha, wala hakuongeza chozi. Bi Zuhura alikuwa ameinamisha kichwa, macho yake yameelekea mahali ambapo hakuna kitu, na midomo yake ikisogea kidogo kana kwamba anahesabu hatua za msichana huyo. Mkawasi alipofika mwisho wa safari alinyamaza kama inavyotakiwa.

"Haya," akasema Bi Zuhura. "Sasa nimemwona."